Sura ya Tano: Lakiri Haikuvunjwa

Jiwe lilikaa katikati ya meza ya Inspekta Deogratias, jeusi, la mviringo, limesuguliwa na maji ya mto mpaka likawa laini kama kipande cha sabuni iliyotumika. Koplo Antoni alilizunguka, akaligusa kwa ncha ya kidole, akarudisha mkono haraka.

"Afande, kwa hiyo hili ndilo lililosafiri kwa bima mpaka Dar?"

"Ndilo."

"Jiwe la mtoni!"

"La mtoni, Koplo. Na limerudi kwa bima vilevile."

Antoni hakucheka. Ifakara nzima ilikuwa imeduwaa tangu simu ilipopigwa kutoka Dar es Salaam, na waliokuwa na maneno mengi sokoni walikuwa wamebaki kushika tama. Kalisi ya parokia ya Mtakatifu Gaudensi, kikombe cha misa ambacho watu wazima walikuwa wakikitazama tangu wakiwa watoto wa mafundisho, ilikuwa imetiwa ndani ya sanduku la mninga, ikazungushiwa pumba za mpunga isigongwe, sanduku likapigiliwa misumari, likashonewa ndani ya kitambaa cha marekani, likafungwa kamba ya katani na kupigwa lakiri nyekundu, ile nta ya muhuri, penye kila fundo na kila mshono. Likapelekwa posta, likapanda treni. Kule Dar, mwenye duka la vyombo vya kanisa alilipokea mbele ya ofisa wa posta. Walikagua lakiri, wakaikuta nzima, ingawa moja ya chini ilikuwa nyeusi. Wakachana kitambaa upande mmoja, wakabandua kifuniko, wakachimbua pumba, wakatoa kitu kizito kilichoviringishwa kitambaa cheupe. Mwenye duka alipokifungua, alikaa chini sakafuni.

Kikombe chenyewe hakikuwa kikombe tu. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, wakati mto Kilombero ulipoacha njia yake ukaingia mashambani, wanawake wa parokia waliweka nadhiri, na maji yalipopungua wakavua pete zao, hereni na vikuku, wakavitoa viyeyushwe. Ndivyo kalisi ilivyopata dhahabu yake. Bibi yake Deogratias, marehemu Marsiana, alitoa pete ya ndoa. Sasa Padre Faustin, kijana, mgeni parokiani, alikuwa ametangaza kanisani kwamba kikombe ni kizito na kimechakaa, kitapelekwa Dar kikayeyushwe, nao wapewe viwili vipya. Kina mama wazee walirudi nyumbani Jumapili ile bila kusalimiana vizuri. Wiki iliyofuata sanduku likafungwa.

Kwa sababu Deogratias alizaliwa mtaa wa Lipangalala na anaijua Ifakara nje ndani, ndiye aliyeletwa kutoka Morogoro. Alichokikuta kituoni hakikumpendeza hata kidogo. Mahabusu alikuwepo tayari: Sada, karani wa kaunta ya vifurushi posta, pamoja na mwanawe wa kunyonya ambaye hajaota hata jino.

"Mlete," alimwambia Antoni.

Sada aliingia na mtoto kifuani. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alikaa wima kitini, kama mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Nieleze tena ulivyokipokea kifurushi."

"Nimeshaeleza, Afande. Nimeeleza mpaka mate yamenikauka."

"Eleza kana kwamba mimi ni karani mgeni, na leo ndiyo siku yangu ya kwanza kaunta."

Sada alimpakata mtoto vizuri, akavuta pumzi. "Kifurushi cha bima hakipokelewi hivihivi. Kwanza naangalia kamba. Lazima iwe moja, isiyoungwa. Nikikuta imeungwa, narudisha. Halafu lakiri. Iwe kwenye kila fundo na kila mshono, rangi moja, muhuri mmoja. Na muhuri uwe wa mwenyewe anayetuma, siyo sarafu wala kifungo cha shati, maana sarafu kila mtu anayo. Nikapitisha kidole kwenye mishono yote. Nikapima. Nikapokea."

"Lakiri ya chini ilikuwa nyeusi."

"Niliiona. Nikamwuliza Mwalimu Evodius, si ndiye aliyekileta? Akasema iliwashika moto walipokuwa wanaiyeyusha. Muhuri ulikuwa uleule wa parokia. Sikuona sababu ya kumrudisha mzee wa watu na jua lile." Akamtazama Inspekta usoni. "Hapo ndipo nilipokosea, eti? Ningemrudisha, leo nisingekuwa hapa."

Deogratias aliiona chupa ya chai aliyokuja nayo Sada, ameiweka karibu na mguu wa kiti.

"Chakula unapata?"

"Napata. Mama Kandida wa kanisani ananiletea uji wa mchele kila asubuhi, ili maziwa yasikauke." Sauti ilimlegea. "Mimi Mwislamu, yeye mtu wa kanisa, na ni haohao wa kanisani kwao wanaosema nimekula kikombe chao. Lakini hajakosa hata siku moja. Mungu amlipe yule mama."

Inspekta alijisikia fahari, akainamisha uso isionekane. Kandida ni mama yake mdogo, mdogo wa mwisho wa mama yake mzazi. Ndiye aliyemlea, na ni kwake alikofikia safari hii. Usiku uliopita alikuwa amekula ubwabwa wake mpaka akafungua mkanda.

Mkuu wa kituo aliingia Sada alipokuwa akitolewa. Hakukaa.

"Landrova inaondoka kesho asubuhi kwenda Morogoro. Huyu anapanda. Mahakama itajua la kufanya naye."

"Mkuu, naomba siku moja zaidi."

"Ya nini? Lakiri ya chini imechezewa, kipofu anaiona. Nani ana lakiri mjini hapa zaidi ya watu wa posta? Padre anaapa alikiona kikombe kikiingia sandukuni. Mwalimu anaapa. Sasa kati ya padre na karani, unataka nimweke nani ndani?"

"Mwenye kosa."

"Basi unaye mpaka kesho asubuhi," alisema Mkuu, akatoka.

Deogratias alifunga mlango. Akamtuma Antoni dukani kwa Mhindi akanunue mshumaa na kijiti cha lakiri, kisha akavuta taa na kuuinamia mfuko wa marekani kwa lenzi. Alianza na mishono. Marekani ni kitambaa kisichosahau. Ukiitoboa kwa shazia, ile sindano ya magunia, ukafumua uzi na kushona upya, tundu la kwanza linabaki wazi pembeni ya la pili. Alifuata mshono mmoja mmoja mpaka shingo ikamwuma. Hakukuwa na tundu hata moja lisilo na uzi wake. Misumari ya kifuniko nayo ilikuwa imeng'olewa mara moja tu, na kule Dar.

Antoni aliporudi, waliwasha mshumaa. Deogratias aliishika lakiri juu ya moto, mbali kidogo, ikalainika ikadondoka karatasini nyekundu safi. Kisha akaizamisha ndani ya moto wenyewe. Ikashika moto, ikatoa moshi mbaya, tone likaanguka jeusi kama lami.

"Umeona?"

"Nimeona, Afande. Kumbe ni haraka tu ya mtu aliyekuwa anaiyeyusha."

"Haraka tu. Na kwa haraka hiyo mwanamke analala sakafuni na mtoto mchanga."

Alikasirika, na hasira ile ilimfaa kazini. Kwa hiyo posta hakikufunguliwa kitu. Kwenye treni hakikufunguliwa kitu. Jiwe lilishonewa humo humo parokiani. Lakini padre na mwalimu waliapa kwamba walikiona kikombe kikiingia, na Deogratias hakuwaona kuwa waongo. Aliligeuza jiwe, akakivuta kitambaa cheupe kilichokuwa kimeliviringisha, akakitandaza mezani.

"Antoni, Padre alisema kikombe kiliviringishwa kitambaa gani?"

"Cha altare, Afande. Kile chenye msalaba mwekundu uliodariziwa."

"Msalaba uko wapi hapa?"

Koplo alikigeuza upande huu na upande ule. Kilikuwa kitambaa cheupe kitupu.

"Haupo."

"Mwizi anafungua sanduku. Anachukua kikombe, anataka kuweka jiwe. Kitambaa anacho mkononi, kimetoka sasa hivi kwenye kikombe. Kwa nini asiliviringishe jiwe kwa kitambaa hichohicho? Kwa nini aje na kingine?"

Antoni, aliyekuwa mwanakwaya, alikunja uso kama aliyeulizwa jambo la aibu. "Afande, hata mimi nisingeweza. Kitambaa kile kimebarikiwa. Uliviringishe jiwe kwa kitambaa kinachopangusa kikombe cha Damu ya Bwana? Hapana. Heri nife."

Deogratias alikikunja kitambaa kile kitupu. Aliyeiba, basi, aliogopa kitambaa kama koplo huyu.

"Vaa kofia," alisema. "Tunakwenda parokiani. Na hilo jiwe libebe."

Alikuwa ameagiza watu wote waliokuwepo siku ya kufunga wawepo tena, chumba kilekile, wakae walivyokaa. Ofisi ya parokia ilikuwa na meza ndefu, msalaba mkubwa ukutani upande wa kanisa, na dirisha upande wa pili linalotazama mashamba ya mpunga. Padre Faustin alisimama mezani. Mwalimu Evodius, mwenyekiti wa walei, mzee mkavu mwenye kofia ya pama, alisimama kulia kwake. Mama Kandida, mtunza vyombo vya altare, alikuwa amekaa mkekani chini ya dirisha, miguu ameinyoosha kwa sababu ya goti lake bovu, kikapu cha kushonea ubavuni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Karibu, Inspekta."

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba," alisema Kandida. "Umekunywa chai? Uliondoka bila kuaga."

"Nimekunywa." Aliliweka sanduku mezani, likiwa wazi. "Naomba tufunge kifurushi upya, kama siku ile. Jiwe hili ndilo kikombe. Kila mtu afanye alichofanya, aseme alichosema. Nani alianza?"

"Mimi," alisema Mwalimu. "Nilimwaga pumba, hivi. Za mashine, laini, haziwashi. Nikatengeneza kiota katikati."

"Halafu?"

"Mama Kandida alitoka chumba cha sakristia na kalisi, amekwisha kuiviringisha kitambaa," alisema Padre. "Nikaifungua, nikaitazama, tukaitazama sote. Nikairudishia kitambaa, nikailaza kwenye kiota kwa mikono yangu hii."

"Ulimwona akiilaza, Mwalimu?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Mama mdogo?"

"Niliona, baba."

"Halafu kifuniko?"

"Tuliongeza pumba juu, Mwalimu akapiga misumari," Padre aliendelea, ameanza kuchoka na maswali. "Sanduku likashushwa mkekani, mama akalishonea marekani. Tukafunga kamba, nami nikapiga lakiri, na ile ya mwisho ikaniwakia. Inspekta, nimeyasema haya mara ngapi? Tangu kikombe kilipoingia mpaka lakiri ya mwisho, sikuondoka. Sikutoka hata kunywa maji. Sikuondoa macho yangu juu ya sanduku lile."

"Wala mimi," alisema Mwalimu Evodius. "Naapa mbele ya msalaba ule."

"Hakuna aliyeingia?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyetoka?"

"Hakuna."

Deogratias alilaza jiwe kwenye pumba, akabaki amesimama mikono kiunoni. Hapakuwa na mlango wa siri wala kabati. Watu watatu walikuwa wakilitazama sanduku, na sanduku likameza kikombe mbele yao. Alianza kufikiri kwamba labda amekosea yote, tangu mishono mpaka lakiri, na kwamba kesho Landrova itaondoka na mwanamke na mtoto wake kwa sababu yeye, Inspekta mzima, ameshindwa kuhesabu moja na moja.

Hapo kengele ya kanisa ikalia. Ilikuwa saa sita mchana, wakati wa sala.

Padre Faustin, aliyekuwa ameanza tena kueleza, aliacha neno katikati. Aligeuka akauelekea msalaba, akafumba macho. Mwalimu alivua kofia, akageuka, akafumba macho. Antoni mlangoni alivua ya kwake. "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria," alianza Padre, na Deogratias naye, ambaye mikono yake ilikuwa imefundishwa jambo hili kabla haijafundishwa kushika kalamu, alikuwa amekwisha geuka, amekwisha vua kofia, amekwisha fumba macho. Waliitikia wote pamoja. Salamu Maria ya kwanza. Salamu Maria ya pili.

Katikati ya Salamu Maria ya tatu, Inspekta alifumbua macho.

Alijikuta anatazama ukuta. Alikuwa ofisa wa upelelezi, na kidhibiti cha kesi kilikuwa nyuma ya mgongo wake, ndani ya sanduku lililo wazi, naye hakujua kama bado kipo. Aligeuza shingo polepole.

Jiwe lilikuwepo. Na chini ya dirisha, nyuma ya migongo ya wanaume wote, Mama Kandida alikuwa amekaa mkekani kwa sababu goti halimruhusu kusimama muda mrefu. Midomo yake ilisali pamoja na wengine. Macho yake yalikuwa wazi. Yalikuwa yakimtazama yeye.

Sala ikaisha. Padre akafanya ishara ya msalaba, akageuka. "Nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unasema hukuondoa macho yako." Deogratias aliisikia sauti yake ikitoka kama ya mtu mwingine. "Padre, siku ile mlifunga kifurushi wakati gani?"

"Mchana, kama leo."

"Kengele ilipigwa?"

"Hupigwa kila siku, Inspekta, kwa nini…"

Hakumaliza. Aliutazama msalaba, akalitazama sanduku, akautazama tena msalaba.

"Kifuniko kilikuwa kimepigiliwa, kengele ilipolia?"

"Bado," alisema Mwalimu Evodius kwa sauti ndogo. Kofia ilimdondoka, hakuiokota. "Yesu wangu. Bado. Tulisali kwanza, ndipo nikaongeza pumba za juu. Lakini ile ni sala, Deogratias! Mtu hahesabu kwamba ameondoka kwa sababu amesali!"

Hakuna aliyelitazama dirisha. Padre hakuthubutu, na Mwalimu alikuwa bado anachezesha midomo. Kandida alichomeka sindano kwenye mto wake, akafunga kikapu, akanyoosha mkono.

"Nisaidie kuinuka, baba," alisema. "Twende nyumbani."

Walitembea mpaka Lipangalala, mama mbele, Inspekta nyuma, koplo mbali kidogo. Majirani waliamkia, Kandida akaitikia kila mmoja. Deogratias aliomba moyoni njia iwe ndefu. Alitaka awe amekosea. Kama angeambiwa kwamba ni Padre, angeshtuka lakini angekula chakula cha jioni. Lakini huyu ndiye aliyempikia ubwabwa wa jana.

Ndani, Kandida hakuelekea chumbani kwake. Alifungua mlango wa chumba cha mgeni.

"Kipo chini ya kitanda chako," alisema.

Deogratias aliinama kwa shida, akavuta gunia la mpunga lililokuwa pale tangu alipofika, gunia alilolisogeza kwa mguu usiku wa kwanza apate pa kuweka viatu. Akatia mkono ndani ya mpunga. Vidole viligusa kitambaa. Akakitoa taratibu, kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, msalaba mwekundu katikati, na ndani yake kalisi ikiwa nzima, imefutwa, inang'aa hata kwenye kiza kile cha chumba. Alikuwa amelala juu yake. Alikuwa ameletwa na Serikali kukitafuta, akakilalia na kukoroma.

Alikaa kitandani.

"Kwa nini, mama?"

"Bibi yako Marsiana alizikwa kidole kitupu," alisema Kandida. Alibaki amesimama, ameshika fremu ya mlango. "Mimi ndiye niliyemwosha. Alama ya pete ilikuwa bado ipo kidoleni, miaka yote ile, ngozi imebonyea. Mara ngapi nimekisugua kikombe hicho nikasema, mama yupo humu. Na mama yake Balbina yupo, na bibi yake Digna yupo. Halafu kijana anatoka seminari anasema kikayeyushwe, tupewe viwili vyepesi kama bati. Nilimwambia, Padre, hivi ni vidole vya mama zetu. Akanijibu Mungu haangalii chombo."

"Ungekificha sakristiani. Ungewaambia kina mama wenzako mkakataa."

"Tulikataa. Nani alisikia? Na kingepotelea sakristiani angesemwa nani, kama si mimi mwenye ufunguo? Lakini Mwalimu alipotueleza habari ya bima, nikaona Mungu amefungua njia. Alisema kikipotea njiani, Serikali inalipa. Basi! Padre anapata vikombe vyake vipya, sisi tunabaki na chetu, Serikali haina kidole cha kuuma. Nani ameumia hapo?"

"Sada."

"Sikujua kwamba atakamatwa mtu!" Kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Bima, Deo! Si ndiyo kazi yake, kwamba kitu kikipotea kinalipwa, hakuna wa kulaumiwa? Nililichagua jiwe mwenyewe mtoni, nikalipima mkononi nikasali. Kengele ilipolia nikashika meza nikainuka, nikalitia sandukuni, nikalifukia pumba, kikombe nikakitia kikapuni. Nikasema hakuna mtu atakayelia machozi kwa ajili ya hili."

"Na alipokamatwa? Ulipojua?"

Nje kuku walikuwa wakiparua.

"Nilipeleka uji," alisema.

"Uji!" Deogratias alisimama, akapaza sauti kwa mama huyu ambaye maishani hajawahi kumpazia. "Mtoto mchanga kwenye sakafu ya saruji, mama yake anaitwa mwizi mji mzima, na wewe unapeleka uji! Unaingia kituoni na chupa, unamsalimia, unatoka! Na mimi nasikia, najisemea, huyo ndiye aliyenilea!"

"Kila siku niliingia nikisema leo nitasema. Nikimwona anakunywa, ulimi unakufa." Alikuwa analia sasa, bila kujifuta. "Nifunge, mwanangu. Nimechoka kupika uji ule."

Hakumfunga. Alimshika mkono wakatoka, na kalisi akaibeba mwenyewe.

Kituoni, Mkuu alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akavua kofia. "Mama Kandida? Yule wa uji?" aliuliza, na alipojibiwa akauliza tena swali lilelile. Mwishowe akamwambia koplo aende akamfungulie Sada, na kidhibiti kifungwe kwenda Morogoro kwa Landrova ya asubuhi.

Kidhibiti cha dhahabu hakisafiri hivihivi. Sheria yake haina tofauti kubwa na ile ya posta: sanduku, kitambaa, kamba isiyoungwa, lakiri. Marekani ilikuwepo, na shazia pia. Deogratias alijaribu kushona. Uzi ulitoka tunduni, akautia, ukatoka tena. Alijichoma kidole, damu ikadondokea kitambaa. Jua lilikuwa limeshainama dirishani, naye bado hajamaliza upande mmoja.

"Lete hapa," alisema Kandida kutoka kwenye benchi. "Ukishona hivyo kitafunguka kabla ya Kidatu."

Deogratias alimtazama Mkuu. Mkuu akageukia ukutani.

Basi akashona Kandida, kifurushi cha kumshtaki yeye mwenyewe. Alikunja pembe kama alivyozikunja miaka yote, akavuta uzi, akaugonga kwa kidole kuona kama umekaza, akafuata mshono wa pili. Alikuwa kwenye pembe ya mwisho Sada alipotolewa, mtoto kifuani, kanga begani. Alimwona Kandida, akasimama ghafla.

"Shikamoo, mama! Afande ananiambia wamekiona." Alikitazama kifurushi, akaona sindano mkononi mwa mama yule, uso ukamchangamka. "Kumbe ni wewe uliyenitoa?"

Sindano ilisimama. Antoni aliangalia viatu vyake.

"Hapana, mwanangu," alisema Kandida. "Mimi ndiye niliyekuweka."

Sada alitabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Kisha akawatazama askari mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa akicheka. Alirudi nyuma hatua, akamfunika mtoto kichwa kwa kanga. Chupa ya uji alikuwa ameishika kwa mkono wa pili. Aliiweka chini kwenye saruji, taratibu isianguke, akatoka nje bila kuaga.

Kandida alikata uzi kwa meno. Deogratias aliishika lakiri juu ya mshumaa, mbali kidogo na moto, ikadondoka nyekundu safi kwenye fundo la kwanza. Akagandamiza muhuri. Alikuwa kwenye fundo la pili kengele ya jioni ilipolia kutoka parokiani. Koplo alivua kofia akageukia upande wa kanisa. Mkuu pia. Kandida alikunja mikono yake mapajani, akafumba macho, akaanza kusali kwa sauti.

Deogratias aliitikia sala yote, neno kwa neno. Lakini hakugeuka, na macho hakuyafumba.